Jinsi ya Kupima Filamu ya Vichekesho Inayoziiga Filamu za Anga: Mwongozo Kamili

Chombo cha anga kinaingia kwenye skrini, pua kwanza. Kinapita. Kinazidi kupita. Unadhani sasa mkia utatokea, lakini kinatokea kipande kingine cha chuma, halafu kingine, mabomba, minara, madirisha, na chombo bado hakijaisha. Zaidi ya dakika nzima inakatika hivyo. Mkia unapotokea hatimaye, umebandikwa stika kama zile za nyuma ya magari, inayotangaza kwamba wao hawamfungii breki mtu yeyote.

Huo ni mwanzo wa Spaceballs, filamu ya Mel Brooks iliyotoka mwaka 1987. Nikiulizwa mwigo mzuri wa mzaha ukoje, huwa naanzia hapo, kwa sababu karibu jibu lote limo ndani ya dakika ile. Miaka 10 kabla yake, Star Wars ya George Lucas ilifunguka kwa chombo cha kivita kinachopita juu ya kamera kana kwamba hakina mwisho. Picha ile ilikuwa na kazi yake: kabla hujamjua mtu yeyote katika hadithi, ushajua kwamba adui ana nguvu za kutisha na wanaokimbizwa ni wanyonge. Brooks hakumwangusha mtu kwenye ganda la ndizi ili tucheke. Aliichukua kanuni ileile, kwamba ukubwa unatisha, akaivuta mpaka ikakatika. Ukirudi kuitazama Star Wars baada ya hapo, unaona waziwazi jinsi ile picha ya kwanza ilivyokushika.

Kwa hiyo kipimo changu ni swali moja, na hatua zote zinazofuata ni njia za kulijibu kwa uhakika: filamu hii inacheka nguo au inacheka mifupa? Nguo ni kofia nyeusi, panga za mwanga, masikio yaliyochongoka, jina maarufu lililopindwa herufi mbili. Mifupa ni kanuni zinazoisimamisha hadithi: kwa nini stelingi hafi, kwa nini bomu husubiri sekunde ya mwisho, kwa nini kila sayari wanayotua ina hewa ya kupumua. Nguo anaweza kuzishona yeyote mwenye cherehani. Mifupa anaifikia yule tu aliyeipenda filamu ya asili hadi akaijua ndani nje.

Hatua ya 1: Hakikisha ni mwigo kweli

Si kila kichekesho chenye roboti ni mwigo. Men in Black ya mwaka 1997 inachekesha sana, lakini ina dunia yake yenyewe, yenye maofisa wenye suti nyeusi wanaowasimamia wageni wa sayari nyingine wanaoishi miongoni mwetu. Haimtegemei mtazamaji awe ameona filamu fulani kabla. Back to the Future ya mwaka 1985 ni vivyo hivyo. Kuzipima filamu hizi kwa vipimo vya mwigo ni kuzionea, kama kumlaumu mpishi wa pilau kwa sababu chakula chake si biriani.

Mwigo una filamu nyingine nyuma yake, au kundi zima la filamu, na unataka uikumbuke unapotazama. Jiulize: nikiifuta filamu ya asili duniani, je, hii itabaki na maana ileile? Ikibaki kama ilivyo, hiyo ni komedi ya kawaida. Ikipungukiwa, una mwigo mkononi, endelea.

Tambua pia inaiga nini hasa. Young Frankenstein, ambayo Brooks aliitoa mwaka 1974, inaziiga filamu za Frankenstein za miaka ya 1930. Galaxy Quest ya Dean Parisot, ya mwaka 1999, inaiga mfululizo wa televisheni wa Star Trek, na zaidi ya hapo inawaiga waigizaji wake na mashabiki wake. Spaceballs inakwenda huku na huko: nyingi ni Star Wars, kisha inachomoa kipande hapa na kipande pale kutoka kwa filamu nyingine. Ukishajua shabaha iko wapi, hutalalamika kwamba mshale haukufika mahali ambapo haukurushwa.

Hatua ya 2: Itazame asili kwanza, na uichukulie kwa uzito

Hatua hii wengi wanairuka, na ndiyo inayoharibu hukumu nyingi. Mara ya kwanza nilipoitazama Spaceballs nilikuwa sijaiona Planet of the Apes ya mwaka 1968. Karibu na mwisho nikaona kichwa kikubwa cha sanamu kimeangukia ufukweni, na masokwe wamepanda farasi wanakishangaa. Nikadhani filamu imepotea njia. Baadaye, nilipoiona ile ya 1968 na Sanamu ya Uhuru iliyozama mchangani, ndipo nikaelewa nilichokikosa: Brooks alikuwa amechukua moja ya miisho mizito kuliko yote katika sinema akaifanya kituo cha kupita tu.

Kwa filamu za anga, kazi tano zitakusaidia kuelewa sehemu kubwa ya miigo utakayokutana nayo: mfululizo wa Star Trek wa 1966 hadi 1969, 2001: A Space Odyssey na Planet of the Apes, zote za 1968, Star Wars ya 1977, na Alien ya 1979. Usizitazame ukitafuta pa kuchekea. Zitazame kama mtu aliyelipa kiingilio akitaka kuogopa na kushangaa.

Ukimaliza kila moja, andika mazoea yake, yaani mambo inayoyarudia au kuyategemea. Ya Star Trek, kwa mfano, huwa naandika hivi: nahodha anashuka mwenyewe kwenye sayari ya hatari badala ya kutuma watu, chombo kikipigwa, wote wanayumba upande mmoja, afisa anauliza kompyuta kitu ambacho angeweza kukisoma mwenyewe, na mfanyakazi asiye na jina, mwenye shati jekundu, akiandamana na mashujaa, ana uwezekano mkubwa wa kutorudi. Hayo ndiyo mifupa. Ukiwa na orodha kama hiyo, unapoitazama filamu ya mwigo unajua mtengenezaji ameona nini na ameacha nini.

Hatua ya 3: Itazame mara moja bila kalamu

Cheka ukichekeshwa, nyamaza usipochekeshwa. Ukimaliza, kabla hujaongea na mtu, andika matukio matatu unayoyakumbuka. Yawe matatu tu. Yatakufaa mwishoni.

Hatua ya 4: Rudi na daftari, ukague kila kichekesho

Hapa ndipo penye kazi hasa. Kwa kila kichekesho kinachotegemea filamu ya asili, andika mambo mawili: kimelenga nini, na kimekifanyia nini. Usiandike kwamba kimechekesha au hakikuchekesha, hilo lilishapita.

Utaanza kuona makundi. La chini kabisa ni la kutaja tu. Mhusika anaingia amevaa kama mtu maarufu wa filamu nyingine, watazamaji wanamtambua, anaangukiwa na kitu, anatoka. Furaha ya kumtambua mtu ni ya kweli, lakini si ucheshi, ni kumbukumbu. Ujiulize: baada ya tukio hili, nimejua kitu chochote kipya kuhusu filamu ya asili? Kama jibu ni hapana, hiyo ni nguo. Katika Spaceballs, jambazi Pizza the Hutt, rundo la jibini na nyama linalozungumza, ni nguo tupu. Jina limefanana na la Jabba the Hutt, jambazi wa filamu za Star Wars, basi. Haisemi lolote kuhusu Jabba wala kuhusu majambazi wa filamu za anga.

Linganisha na Dark Helmet wa filamu hiyohiyo, aliyeigizwa na Rick Moranis. Darth Vader, adui mkuu wa Star Wars ambaye Helmet anamwiga, anatisha kwa vitu viwili: kimo chake na ile pumzi inayosikika kila anaposimama. Helmet ni mfupi, kofia yake ni kubwa kuliko kifua chake, na mara ya kwanza tunamwona anaingia akipumua kwa kishindo vilevile. Anasimama. Anainua kioo cha mbele. Ndani kuna uso wa mwanamume mwenye miwani, anayelalamika kwamba humo ndani hapumuliki. Kofia hapa ni nguo, ni kweli, lakini mzaha umepita kwenye kofia ukaenda kugusa mfupa: utisho wa Vader wote unategemea sisi kutojiuliza kuna nani ndani. Ukijiuliza mara moja tu, utisho umekwisha. Nilipoitazama ile pumzi kwa mara ya pili nilitambua kwamba Moranis hakubadilisha sauti ya pumzi yenyewe hata kidogo. Aliicheza kwa uaminifu, kisha akasimamisha.

Kundi la pili ni la kanuni za hadithi, na hapo Galaxy Quest haina mpinzani. Waigizaji wa mfululizo wa televisheni uliokwisha zamani wanachukuliwa na viumbe wa sayari nyingine walioupokea mfululizo huo wakiamini ni nyaraka za historia. Viumbe hawa wamekijenga chombo cha kweli kwa kuiga kile cha kwenye televisheni, kwa hiyo kila upuuzi wa mwandishi wa zamani umegeuka chuma na umeme. Kuna ujia wenye mashine kubwa zinazosagana, ambao mashujaa lazima waupite. Mwanamke wa kundi anauliza swali ambalo sote tumewahi kuliuliza mbele ya runinga: mashine hizi zina kazi gani humu? Hazina kazi yoyote. Zipo kwa sababu zilikuwepo kwenye kipindi kimoja. Vilevile wanabonyeza kitufe cha kuzuia chombo kisilipuke, na saa inaendelea kuhesabu. Inasimama ilipobaki sekunde moja, kwa sababu kwenye mfululizo haikuwahi kusimama mapema zaidi.

Yumo pia mwigizaji mmoja aliyewahi kutokea katika kipindi kimoja tu, akafa. Ameandamana na wenzake, na tangu wanapoondoka anatetemeka, kwa sababu anajua tabia ya hadithi za namna hii: mtu asiye na jina la ukoo hufa wa kwanza. Wenzake wanapofungua mlango wa chombo kwenye sayari ngeni, yeye ndiye anayepiga kelele kuuliza kama kuna hewa huko nje. Mwenzake ananusa na kusema inaonekana sawa. Miongo mingapi tumewatazama watu wakitoka vyomboni bila kuuliza swali hilo?

Mars Attacks! ya Tim Burton, ya mwaka 1996, iliupiga mfupa mwingine. Tangu riwaya ya H. G. Wells ya mwaka 1898, ambamo wavamizi wa kutoka Mirihi wanauawa na vijidudu ambavyo sisi tushavizoea, hadithi za uvamizi zimependa adui asiyeshindika mwenye udhaifu mmoja mdogo. Burton aliutafuta udhaifu mdogo kuliko wote. Wavamizi wake wanasikia wimbo wa Slim Whitman kwenye santuri ya bibi mmoja, na vichwa vyao vinapasuka. Huo ndio mtindo wa Wells uliosukumwa hatua moja mbele.

Kundi la tatu ni la yaliyo nje ya hadithi: biashara, kamera, utengenezaji wenyewe. Katika Spaceballs askari wanawakamata mashujaa, wakiwageuza wanakuta ni wale wanaowabadili waigizaji kwenye matukio ya hatari. Maadui wakimpoteza shujaa wanaitafuta kaseti ya video ya Spaceballs yenyewe, wanaipeleka mbele, wanafika kwenye dakika ileile wanayoishi, na wanajiona kwenye skrini wakijitazama kwenye skrini. Na lipo duka la mzee Yogurt lililojaa bidhaa zenye jina la filamu, ambamo anaeleza bila haya kwamba pesa za kweli ziko kwenye bidhaa, si kwenye filamu. Ili uone jinsi mzaha huo unavyochimba, jua mambo mawili. Lucas alibaki na haki za bidhaa za Star Wars, nazo zikamtajirisha. Na alipokubali Brooks afanye mzaha wake, alitaka pasitengenezwe vikaragosi vya kuchezea vya Spaceballs. Duka lile limejaa bidhaa, na nyingine filamu yenyewe haikuruhusiwa kuziuza. Sijui mzaha mwingine wa biashara ya sinema uliokaa karibu na ukweli kiasi hicho.

Ukimaliza, angalia daftari lako. Usijumlishe alama. Tazama tu uzito umelalia kundi lipi.

Hatua ya 5: Zima ucheshi, tazama ufundi

Chagua dakika kumi katikati ya filamu uzitazame bila sauti. Mwanga ukoje? Mavazi yameshonwa kwa uangalifu au yanameta kama ya karamu ya watoto? Kisha rudia dakika zilezile kwa sauti peke yake, macho umeyafumba. Muziki unacheka, au unasikika kama wa filamu ya vita?

Mwigo mzuri karibu kila mara unafanana na asili kwa sura, kwa sababu mzaha unahitaji ukuta wa kugonga. Brooks alipotengeneza Young Frankenstein aliipiga picha kwa rangi nyeusi na nyeupe, na katika maabara akaweka mitambo halisi ambayo Kenneth Strickfaden aliitengeneza kwa ajili ya Frankenstein ya mwaka 1931. Cheche zinazoruka ndizo zilezile. Galaxy Quest nayo, ilipoonyeshwa kwenye kumbi za sinema, ilianza kwa umbo la mraba la televisheni ya zamani, ikapanuka hadithi ilipofika kwenye maisha ya waigizaji, na ikapanuka tena nahodha alipogundua kwamba yuko angani kweli. Hapo hakuna kichekesho. Kuna mtengenezaji anayetaka ushangae kama vile ungeshangaa kwenye filamu isiyo na mzaha, ili mzaha utakaofuata uwe na mahali pa kusimama.

Mfano mmoja wa karibu: chombo cha Galaxy Quest kinapotoka bandarini kwa mara ya kwanza. Muziki ni wa fahari, viumbe wamejipanga wakitazama, taa zinateleza juu ya chuma. Filamu ya kwanza ya Star Trek, ya mwaka 1979, ilikuwa na dakika kadhaa za kamera kukizunguka chombo kwa unyenyekevu, na hapa tunapewa heshima ileile. Kisha rubani, ambaye hajawahi kuendesha chochote cha namna hii, anakipeleka kidogo upande. Ubavu wa chombo unagusa ukuta wa bandari. Haupigi kwa kishindo. Unakwaruza polepole, mlio mrefu wa chuma juu ya chuma, na waliomo ndani wanajikunja upande wa pili kana kwamba miili yao inaweza kukivuta. Kila aliyewahi kukwaruza gari getini anaujua mlio ule. Kama chombo kingekuwa cha maboksi, tusingeumia, na kwa hiyo tusingecheka.

Usiufanye umaskini kuwa kosa, hata hivyo. Hardware Wars ya Ernie Fosselius, ya mwaka 1978, ni filamu ya kama dakika 13 iliyotengenezwa kwa takriban dola 8,000, na vyombo vyake vya anga ni pasi na tosta. Hapo bei rahisi ndiyo hoja yenyewe: unaambiwa kwamba tangazo la filamu kubwa, lenye sauti nzito na muziki wa kupaa, linaweza kuuza hata vyombo vya jikoni. Unachopaswa kuuliza ni kama umaskini wa picha umechaguliwa au umetokea kwa uzembe. Ukichaguliwa, utaona umerudiwa kwa mpangilio.

Hatua ya 6: Wapime waigizaji kwa uso, si kwa maneno

Mwigizaji wa mwigo akijua anachekesha, mwigo unakufa. Shujaa wake hana habari kwamba yumo kwenye mzaha. Kwake dunia inakaribia kwisha.

Mtazame Alan Rickman katika Galaxy Quest. Anaigiza mwigizaji mwenye kisomo cha jukwaa, aliyenaswa kwa miaka na mhusika wa kichwa cha mpira na kauli moja ya kishujaa kuhusu nyundo ya Grabthar. Anaichukia kauli ile. Mapema kwenye filamu analazimika kuitamka kwenye ufunguzi wa duka, akiimalizia kwa kusifu bei nafuu, na uso wake unazeeka mbele yetu. Baadaye kiumbe kijana aliyemtukuza maisha yake yote anafia mikononi mwake. Rickman anaitamka kauli ileile, neno kwa neno, kwa sauti ya chini, akimaanisha. Hakuna anayecheka hapo. Kauli iliyoandikwa na mwandishi wa haraka kwa kipindi cha wiki imekuwa kiapo.

Angalia pia nani amepewa nafasi gani. Sigourney Weaver, aliyekuwa shujaa pekee aliyenusurika katika Alien, hapa anaigiza mwanamke ambaye kazi yake chomboni ni kurudia maneno ya kompyuta, na anaitetea kazi hiyo kwa hasira kwa sababu ndiyo pekee aliyonayo. Uchaguzi huo wa mwigizaji ni uhakiki mzima wa jinsi hadithi za anga zilivyowaweka wanawake, na haukuhitaji hotuba.

Hatua ya 7: Vua mzaha wote, simulia kilichobaki

Jaribu kuisimulia filamu kwa sentensi tano bila kutaja kichekesho hata kimoja. Galaxy Quest inasimulika: watu waliojichokea wanatakiwa kuwa kile ambacho wengine wanaamini wao ni, na wanajaribu. Hiyo ni hadithi hata kwa asiyejua Star Trek ni nini. Spaceballs inasimulika kwa shida: binti mfalme, mwokozi, harusi, hewa ya sayari inayoibiwa. Hadithi yake ni kamba ya kuanikia vichekesho, na katikati, penzi linapochukua nafasi, kamba inalegea na unaiona.

Upungufu huo haukuifanya mbaya. Unaieleza ni ya aina gani. Mwigo wa kamba unaishi kwa wingi na kasi ya vichekesho vyake. Mwigo wa hadithi unaweza kukaa dakika tano bila kuchekesha usiuone umekwama.

Hatua ya 8: Itazame na asiyejua, na uiangalie lugha

Mkalishe mtu ambaye hajaiona filamu ya asili, usimweleze kitu. Anapocheka, tia alama. Anapokuangalia usoni akisubiri maelezo, tia alama nyingine. Vichekesho bora vinampata huyu pia, kwa sababu mifupa ya hadithi anaijua kutoka kwingine. Ngano za utotoni zilishamfundisha kwamba mdogo humshinda mkubwa na kwamba jitu lina siri ya kifo chake mahali fulani.

Kwetu tunaotazama kwa lugha nyingine kuna jambo la ziada. Mizaha mingi ya filamu hizi imekaa kwenye neno. Katika Spaceballs rada ya adui inazibwa, na inazibwa kwa jemu ya matunda inayomiminika kwenye skrini, kwa sababu Kiingereza kina neno moja kwa kuziba mawimbi na kwa kile kipakwacho mkate. Askari wanaambiwa walipekue jangwa, na wanaonekana wakiburuta vitana vikubwa mchangani, kwa kuwa Kiingereza husema kuchana mahali kwa maana ya kupatafuta kote. Mzaha wa kwanza unakufa ukitafsiriwa, bila maelezo hausimami. Wa pili unanusurika nusu, kwa sababu macho yanaona vitana vikubwa kuliko watu vikilima jangwa tupu. Usiihukumu filamu kwa kosa la mtafsiri. Lakini pia usiipe sifa ya uhodari wa mwigo kwa mchezo wa maneno ambao ungefaa katika filamu yoyote ile.

Hatua ya 9: Tafuta dalili za upendo

Utazijua kwa vitu vidogo ambavyo hakuna aliyelazimika kuviweka. Dark Star ya John Carpenter, ya mwaka 1974, iliifuata 2001 kwa miaka sita ikiwa na fedha kidogo sana. Mahali pa wanaanga watulivu iliweka vijana wenye nywele ndefu waliochoka, na mahali pa kompyuta yenye akili kupita binadamu iliweka bomu lenye adabu, ambalo mwanaanga mmoja analazimika kubishana nalo kwa hoja za falsafa ili lisilipuke. Kiumbe wao wa ajabu ni mpira wa ufukweni uliopakwa rangi na kuwekwa kucha. Dan O'Bannon, aliyeandika filamu hiyo pamoja na Carpenter na kuigiza ndani yake, ndiye anayekimbizana na ule mpira kwenye korido na kwenye shimo la lifti. Miaka michache baadaye alirudi kwenye wazo lilelile la kiumbe aliyepotelea ndani ya chombo, safari hii bila mzaha, akaandika skripti iliyozaa Alien.

Aliyeidharau filamu ya anga asingeweza kufanya hivyo. Unapokagua mwigo, jiulize kama watengenezaji wake wangeweza kukaa upande wa pili na kutengeneza filamu ya anga ya kweli. Ukiona wangeweza, mzaha wao una uzito.

Pima pia walifika lini. Spaceballs ilitoka miaka minne baada ya Return of the Jedi ya 1983, gumzo likiwa limeshapoa, na vichekesho vyake vilivyotegemea gumzo vilichakaa mapema. Vile vilivyogusa mifupa havikuhitaji gumzo.

Hatua ya 10: Andika hukumu yako

Rudi kwenye yale matukio matatu uliyoyaandika katika hatua ya 3, uyalinganishe na daftari. Kama matatu yote ni ya mifupa, una filamu nzuri mkononi, hata kama ina nyakati za kuchosha. Kama matatu yote ni ya nguo, filamu ilikuchekesha siku hiyo, na hilo useme waziwazi bila kuidhalilisha. Kama hukumbuki hata matatu, andika hivyo.

Usianze hukumu kwa nyota wala kwa asilimia. Anza na tukio moja, ulisimulie kama lilivyo kwenye skrini, useme linagusa kanuni gani ya filamu ya asili na linaifanya nini. Kisha useme palipolegea, napo kwa tukio moja. Yangu kuhusu Galaxy Quest ingeanza na ubavu wa chombo unaokwaruza ukuta wa bandari. Yangu kuhusu Spaceballs ingeanza na ile stika ya breki, halafu ingempitia Pizza the Hutt.